Regulata ya gesi ya kuchomelea

Regulata ya gesi ya kuchomelea (pia: kidhibiti shinikizo) ni kifaa kinachofungwa kwenye vali ya mtungi wa gesi ili kushusha shinikizo kubwa lililomo mtungini hadi kiwango kidogo kinachofaa kazi, na kukishikilia kiwango hicho kisiyumbe wakati gesi inatumika. Katika vitabu vya fizikia vya shule shinikizo huitwa pia kanieneo. Kwenye karakana neno linalosikika ni presha.

Makala hii inahusu hasa regulata za jozi ya oksijeni na asetilini, ambazo hutumika kuchomelea na kukata chuma, pamoja na namna ya kuzifunga na kuzitumia bila kuumiza mtu. Haichukui nafasi ya mafunzo kwa vitendo wala ya maelekezo ya mtengenezaji wa kifaa chenyewe.

Haja ya regulata

Mtungi wa oksijeni uliojazwa huwa na shinikizo la baa 150 hadi 200, na baadhi ya mitungi ya siku hizi hufikia 300. Kwa kulinganisha, tairi la gari dogo hujazwa upepo wa baa 2 na ushei. Tochi ya kuchomelea huhitaji oksijeni ya baa chache tu, pengine hata chini ya baa 1, na asetilini isiyozidi baa 1. Mpira unaopeleka gesi kwenye tochi haukutengenezwa kubeba baa 150. Ukiunganishwa moja kwa moja na mtungi utapasuka.

Tena shinikizo la mtungini halikai mahali pamoja. Linapungua kadiri gesi inavyotumika, na linapanda mtungi ukipigwa jua. Mwali unaotegemea shinikizo la namna hiyo hauwezi kutulia, na hakuna fundi anayeweza kuunga bati jembamba kwa mwali unaocheza. Ndiyo maana regulata ina kazi mbili, kushusha na kutuliza, na ya pili ndiyo inayoifanya iwe zaidi ya bomba jembamba lenye tundu.

Jinsi inavyofanya kazi

Ndani ya regulata mna vyumba viwili vinavyotenganishwa na vali ndogo. Chumba cha kwanza kinapokea gesi kutoka mtungini kwa shinikizo lake lote. Chumba cha pili kinapeleka gesi kwenye mpira. Ukuta mmoja wa chumba hiki cha pili ni kiwambo, yaani kipande chembamba cha mpira au cha chuma kinachoweza kubonyea. Upande wa nje wa kiwambo kuna springi, na springi inakazwa na skrubu kubwa ya kurekebishia, ile ambayo fundi huizungusha kwa mkono.

Skrubu ikikazwa, springi inasukuma kiwambo, kiwambo kinasukuma vali, vali inafunguka na gesi inaingia katika chumba cha pili. Gesi ikijaa humo inasukuma kiwambo kirudi nyuma, na vali inaanza kujifunga. Mahali ambapo nguvu ya springi na nguvu ya gesi zinalingana ndipo vali hutulia. Fundi akifungua tochi, gesi inatoka, shinikizo la chumba cha pili linashuka kidogo, springi inashinda, vali inafunguka zaidi. Akifunga tochi, mambo yanageuka. Hakuna umeme wala akili ya ziada. Ni mizani tu kati ya nguvu mbili.

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kulipigia hesabu jambo hili. Tuseme kiwambo kina eneo la sentimita za mraba 20, yaani mita za mraba 0.002, na springi imekazwa hadi inasukuma kwa nguvu ya nyutoni 500. Shinikizo la kutokea litakuwa 500 ÷ 0.002, yaani paskali 250,000, ambazo ni sawa na baa 2.5. Kukaza skrubu ni kuongeza hizo nyutoni, basi. Ni vizuri pia kuona kutokana na hesabu hiyo kwamba kulegeza skrubu hadi springi isibane kitu ni sawa na kuifunga regulata. Skrubu ya regulata huenda kinyume na bomba la maji: kuzungusha kwa kufuata saa ni kufungua, kinyume cha saa ni kufunga. Wanaoanza kazi huchanganya hapa mara nyingi.

Regulata nyingi zina geji mbili. Geji iliyo karibu na mtungi huonyesha shinikizo la mtungini, na nyingine huonyesha shinikizo linalokwenda kwenye mpira. Kwa oksijeni, geji ya kwanza hutumika pia kukadiria gesi iliyobaki: mtungi wenye ujazo wa lita 40 ukisoma baa 150 una takriban lita 6,000 za gesi kwa shinikizo la kawaida la hewa, na ukisoma baa 75 umebaki nusu. Kwa asetilini hesabu hiyo haifai, kwa sababu itakayoelezwa hapa chini. Kiasi cha asetilini hujulikana kwa kupima uzito wa mtungi.

Kuna regulata za hatua moja, zinazoshusha shinikizo lote kwa mara moja, na za hatua mbili, zenye viwambo viwili vinavyofuatana. Ya hatua moja ni rahisi kwa bei, lakini shinikizo lake la kutokea hubadilika taratibu kadiri mtungi unavyopungua, na fundi hulazimika kuirekebisha mara kwa mara. Kwa karakana ya kawaida inatosha.

Historia

Regulata ni kongwe kuliko uchomeleaji wa gesi. Mwaka 1889 huko Lübeck, Ujerumani, Johann Heinrich Dräger alianza kuuza vali ya kushusha shinikizo iliyotumika kutoa gesi ya kaboni dioksidi mitungini kwa ajili ya kusukuma bia kutoka kwenye mapipa. Kampuni yake baadaye ilihamia kwenye vifaa vya kupumulia na vya hospitali.

Asetilini yenyewe iligunduliwa na Edmund Davy mwaka 1836, lakini ilibaki kitu cha maabara hadi Thomas Willson alipopata njia ya kutengeneza kabaidi ya kalsiamu kwa wingi mwaka 1892. Kabaidi ikitiwa maji hutoa asetilini. Mwaka 1895 mkemia Mfaransa Henri Le Chatelier alionyesha kwamba asetilini ikiungua pamoja na oksijeni hutoa mwali wa joto la zaidi ya sentigredi 3,000. Miaka michache baadaye Wafaransa Edmond Fouché na Charles Picard walitengeneza tochi ya kwanza iliyofaa kuchomelea kwa gesi hizo mbili. Oksijeni ilipatikana kwa bei nafuu baada ya Carl von Linde kufaulu kuitenga na hewa iliyogandishwa kuwa kimiminika.

Jina la Gustaf Dalén wa Sweden linastahili kutajwa hapa. Yeye ndiye aliyeboresha dutu yenye vinyweleo inayojazwa ndani ya mitungi ya asetilini. Mwaka 1912 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kubuni vidhibiti vya gesi vilivyowasha na kuzima vyenyewe taa za minara ya bahari. Mwaka huohuo alipofuka katika mlipuko wa asetilini wakati akifanya majaribio. Aliendelea kuongoza kampuni yake akiwa kipofu.

Oksijeni na hatari zake

Oksijeni haiungui. Inasaidia vitu vingine kuungua, na inaposhindiliwa inavisaidia kupita kiasi. Mafuta ya gari, grisi, mafuta ya kupikia, mafuta ya kujipaka mikononi, hata jasho lililochanganyika na grisi kwenye glavu, vyote vinaweza kuwaka vyenyewe ndani ya oksijeni yenye shinikizo kubwa. Kinachowasha ni joto la mgandamizo. Kila aliyejaza upepo tairi la baiskeli anajua kwamba pampu hupata moto karibu na ncha. Katika regulata jambo hilohilo hutokea kwa kishindo: vali ya mtungi ikifunguliwa ghafla, gesi iliyokuwa ndani ya regulata inashindiliwa kutoka baa 1 hadi baa 150 kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Kwa hesabu ya nadharia, joto lake linaweza kukaribia sentigredi 1,000 kabla halijapoa kwenye kuta. Tone moja la mafuta kwenye mdomo wa regulata linatosha. Likishika moto, kikalio cha vali kinafuata, kisha hata chuma chenyewe kinaungua, na moto hutokea mbele, penye geji.

Kutokana na hayo zinakuja kanuni tatu ambazo hazina mjadala. Regulata ya oksijeni haipakwi mafuta wala grisi popote, hata kama skrubu yake ni ngumu. Vali ya mtungi hufunguliwa polepole mno. Na anayefungua hasimami mbele ya geji.

Kuna mazoea mengine mabaya yanayotokana na kudhani kwamba oksijeni ni hewa tu: kupuliza vumbi kwenye nguo, kupoza chumba chenye joto, kunyunyizia rangi, kusafisha bomba la dizeli. Nguo iliyoloa oksijeni huwaka kwa cheche moja na haizimiki kirahisi, na oksijeni hubaki katika nyuzi za nguo kwa dakika kadhaa baada ya kupulizwa. Kazi ya upepo ifanywe na kompresa.

Asetilini na tabia yake

Asetilini ni gesi ya pekee kwa sababu inaweza kulipuka bila oksijeni. Molekuli yake ina nishati nyingi ndani yake, na gesi ikishindiliwa inaweza kuvunjika ghafla kuwa kaboni na hidrojeni na kutoa joto kubwa. Kwa hiyo haijazwi mtungini kama oksijeni. Mwaka 1897 Wafaransa Georges Claude na Albert Hess walionyesha kwamba inaweza kuyeyushwa katika asetoni, na njia hiyo ndiyo inayotumika mpaka leo. Mtungi wa asetilini umejazwa dutu yenye vinyweleo, mfano wa sifongo kavu na ngumu. Dutu hiyo imelowa asetoni, na asetilini imeyeyuka ndani ya asetoni kama gesi ya soda inavyoyeyuka ndani ya chupa. Katika hali hiyo hukaa salama kwa shinikizo la baa 15 hadi 18 hivi.

Salama hiyo inaishia kwenye regulata. Baada ya hapo asetilini iko peke yake, bila asetoni, na haitakiwi kuzidi baa 1 kwenye geji. Kanuni za nchi nyingine za Ulaya huruhusu hadi baa 1.5, lakini baa 1, ambayo ni takriban pauni 15 kwa inchi ya mraba, ndiyo mpaka unaofundishwa mahali pengi, na geji nyingi za asetilini zina alama nyekundu kuanzia hapo. Fundi akiona mwali wake ni dhaifu asikaze skrubu kuvuka alama hiyo. Atafute kasoro mahali pengine: nozeli iliyoziba, mpira uliokunjika, au mtungi mdogo kuliko kazi.

Hili la mwisho hutokea sana. Asetilini hutoka katika asetoni kwa mwendo wake. Ikivutwa haraka mno asetoni hutoka nayo, huharibu viwambo na mipira, na huuacha mtungi bila kinga yake. Kanuni ya zamani ilikuwa kutovuta zaidi ya sehemu moja ya saba ya ujazo wa mtungi kwa saa. Siku hizi wauza gesi wengi hushauri sehemu moja ya kumi. Kwa sababu hiyohiyo mtungi wa asetilini hutumika ukiwa umesimama. Kama ulisafirishwa umelazwa, usimamishwe na kuachwa kwa saa kadhaa kabla ya kutumika.

Asetilini ikikutana na shaba safi hutengeneza kampaundi inayolipuka kwa kuguswa tu. Bomba la shaba la friji, ambalo fundi anaweza kuliona linafaa sana kuungia mipira miwili, halitakiwi kabisa kwenye njia ya asetilini. Regulata zenyewe hutengenezwa kwa brasi yenye kiasi cha shaba kilichowekewa mpaka.

Kufunga regulata

Mitungi husimamishwa na kufungwa kwa mnyororo ukutani au kwenye toroli lake. Mtungi wa oksijeni ukianguka na vali yake ikavunjika, gesi inayofyatuka huufanya uruke kama kombora, na ukuta wa matofali hauuzuii. Kofia ya chuma ya mtungi haivuliwi mpaka mtungi uwe umefungwa hivyo.

Kabla ya kuunganisha, fundi hutazama mdomo wa vali na mdomo wa regulata kama mna vumbi, mchanga, mafuta au mikwaruzo. Wadudu hupenda kujenga humo, hasa mitungi ikikaa nje. Kisha vali hufunguliwa kidogo mno na kufungwa papo hapo ili gesi ipulize uchafu. Mdomo uelekezwe pasipo mtu wala moto, na kwa asetilini jambo hili lifanyike mahali pa wazi, mbali na cheche yoyote. Mdomo wenye mafuta haupulizwi. Mtungi huo hurudishwa kwa muuzaji.

Nati ya oksijeni hufungwa kwa kufuata saa, na nati ya asetilini kinyume cha saa. Nati za gesi zinazowaka huwa na mikato midogo kwenye kona zake ili zijulikane hata kwa kupapasa. Tofauti hii iliwekwa makusudi, ili regulata ya gesi moja isiweze kuingia kwenye mtungi wa gesi nyingine. Nati inapokataa kuingia, kukataa huko ndiko kinga yenyewe. Anayechonga adapta ya kuilazimisha anaondoa kinga ambayo wengine waliiweka baada ya watu kufa. Nati huanza kwa mkono, kisha hukazwa kwa spana ya saizi yake, kwa nguvu ya kadiri. Nyundo haihusiki. Utepe mweupe wa mafundi bomba hauhusiki pia, kwa kuwa kiungo hiki huzibwa na nyuso za chuma au pete yake maalumu, na vipande vya utepe huishia kwenye vali.

Rangi za mipira husaidia: buluu kwa oksijeni na nyekundu kwa asetilini kwa utaratibu wa Ulaya, ilhali Marekani oksijeni hupewa kijani. Rangi za mitungi hutofautiana zaidi kati ya nchi na nchi na kati ya muuzaji na muuzaji. Mtungi mweusi wa oksijeni na wa rangi ya damu ya mzee wa asetilini ni desturi ya Kiingereza ya zamani ambayo bado inaonekana sana Afrika Mashariki. Lebo ndiyo inayoaminika, na mtungi usio na lebo haufungwi regulata.

Kati ya regulata na mpira hufungwa kizuia moto, kifaa kidogo cha mviringo ambacho ndani yake mna vali ya njia moja na kichujio cha chuma kinachozima mwali unaorudi nyuma. Kinahitajika kwenye gesi zote mbili. Karakana nyingi zinazookoa fedha huanza kuokoa hapa, na ni mahali pabaya kuliko pote.

Kufungua gesi na kuweka shinikizo

Kabla ya kugusa vali ya mtungi, skrubu ya regulata hulegezwa hadi izunguke bila kubana kitu. Skrubu iliyoachwa imekazwa maana yake vali ya ndani iko wazi. Gesi ya mtungini itapita moja kwa moja na kupiga kiwambo na geji ndogo kwa shinikizo lake lote. Vioo vya geji vimewahi kuruka kwenye macho ya watu kwa njia hii.

Fundi husimama ubavuni, mtungi ukiwa kati yake na regulata, na kufungua vali ya oksijeni kidogo kidogo huku akiangalia mshale wa geji kubwa kwa pembeni. Mshale upande taratibu. Ukishatulia, vali hufunguliwa zaidi. Vali nyingi za oksijeni zimetengenezwa zifunguliwe hadi mwisho, ili shina lake lisivuje. Vali ya asetilini haifunguliwi hivyo. Mzunguko mmoja unatosha, na usizidi mmoja na nusu, ili iweze kufungwa haraka ikitokea hatari. Ufunguo wake, kama inatumia ufunguo, huachwa juu ya vali muda wote wa kazi.

Shinikizo huwekwa gesi moja baada ya nyingine. Vali ya tochi ya gesi husika hufunguliwa, skrubu hukazwa hadi geji ndogo isome kiwango kinachotakiwa gesi ikiwa inatoka, kisha vali ya tochi hufungwa. Hatua hii pia hutoa hewa au gesi iliyochanganyika ndani ya mpira, jambo ambalo huzuia moto kurudi. Kiwango hutegemea aina ya tochi na nozeli, na jedwali la mtengenezaji ndilo la kufuatwa. Kwa tochi ambazo gesi zote mbili huingia kwa shinikizo linalolingana, bati jembamba huhitaji sehemu ndogo tu ya baa, mara nyingi chini ya 0.35, kwa kila gesi. Tochi za kunyonya, ambazo oksijeni huvuta asetilini, huhitaji oksijeni ya baa 2.5 hivi. Kukata bamba la milimita 12 huhitaji oksijeni ya takriban baa 2 hadi 2.5.

Hapa inafaa kuangalia vipimo vilivyoandikwa kwenye uso wa geji. Geji za Ulaya huandikwa kwa baa, za Marekani kwa pauni kwa inchi ya mraba, na nyingi zinazouzwa madukani kwetu huandikwa kwa megapaskali. Baa 1 ni sawa na megapaskali 0.1 na karibu pauni 14.5. Aliyezoea baa akikutana na geji ya megapaskali na kuweka mshale kwenye 1 ameweka baa 10. Kwa asetilini kosa hilo halisamehi.

Kukagua uvujaji

Viungo vyote hupakwa maji yenye povu la sabuni isiyo na mafuta, na povu likitutumka kiungo kinavuja. Moto wa kiberiti hautumiki kutafuta uvujaji, ingawa wapo wanaoutumia. Njia ya pili ni kufunga vali za mitungi zote mbili huku tochi imefungwa na kuangalia geji kwa dakika chache. Mshale wa geji kubwa ukishuka, gesi inatoka mahali fulani, ama kwenye kiungo cha mtungi ama mbele yake. Kiungo kinachovuja hakikazwi gesi ikiwa ndani yake. Vali ya mtungi hufungwa kwanza na gesi kutolewa.

Kuwasha, kuzima na moto kurudi

Asetilini hufunguliwa kidogo kwenye tochi na kuwashwa kwa kiwashio cha cheche, halafu oksijeni huongezwa taratibu. Kiberiti cha gesi cha plastiki hakifai kuwashia, na hakifai hata kukaa mfukoni mwa anayechomelea.

Mwali ukitoa mlio mmoja wa kupasuka na kuzimika, mara nyingi nozeli imegusa kazi au shinikizo ni dogo. Ukisikika mluzi mkali na tochi ikapata moto mkononi, mwali umeingia ndani ya tochi. Vali ya oksijeni ya tochi hufungwa mara moja, kisha ya asetilini. Kama moto umefika kwenye mpira au regulata, vali za mitungi hufungwa ikiwa zinafikika bila kujihatarisha. Mtungi wa asetilini uliopata moto, au unaopata joto wenyewe baada ya moto kurudi, hausogezwi. Watu huondoka, na zimamoto huitwa. Nchini Tanzania namba yao ni 114. Asetilini iliyoanza kuvunjika ndani ya mtungi inaweza kulipuka muda mrefu baada ya moto wa nje kuzimwa.

Mwisho wa kazi, mafundi wengi hufunga asetilini ya tochi kwanza na oksijeni baadaye. Watengenezaji wengine huelekeza kinyume, na neno lao lifuatwe kwa tochi yao. Baadaye vali za mitungi hufungwa, kila mpira hutolewa gesi yake kwa zamu hadi geji zote zisome sifuri, na skrubu zote mbili hulegezwa. Springi iliyoachwa imebanwa usiku kucha huchoka, na kiwambo nacho huchoka pamoja nayo.

Dalili za ubovu

Kasoro ya kuogopwa zaidi haina kelele. Vali ya ndani ikiwa imechakaa au ina chembe ya uchafu, haifungi sawasawa. Tochi ikifungwa, mshale wa geji ndogo huendelea kupanda polepole wenyewe. Kipimo chake ni rahisi: weka shinikizo la kazi, funga tochi, subiri. Mshale huruka kidogo na kutulia, na hiyo ni kawaida. Ukiendelea kupanda, funga mtungi na uondoe regulata hiyo kazini. Dalili nyingine ni mshale usiorudi sifuri, gesi kusikika kwenye tundu la kifuniko cha springi (kiwambo kimetoboka), kioo cha geji kilichopasuka, na barafu kwenye mwili wa regulata gesi nyingi inapovutwa.

Regulata hairekebishwi na kila mtu. Sehemu zake za ndani huchaguliwa kulingana na gesi, na mpira wa kawaida uliokatwa kutoka tyubu ya gari na kuwekwa badala ya kikalio cha vali cha oksijeni ni kuni iliyosubiri kuwashwa. Regulata za mitumba ambazo historia yake haijulikani zina tatizo hilohilo, kwa kuwa mnunuzi hawezi kujua kama zimewahi kupakwa mafuta. Nchini Kenya na Tanzania sheria za usalama mahali pa kazi, ya Kenya ya 2007 na ya Tanzania ya 2003, humpa mwajiri wajibu wa kutoa vifaa vilivyo salama, na fundi ana haki ya kukataa regulata mbovu.

Kabaidi na gesi ya kupikia

Katika karakana ndogo za jua kali na mitaani, asetilini mara nyingi haitoki kwenye mtungi wa kununua bali kwenye pipa la kabaidi na maji. Pipa hilo hufanya kazi kwa shinikizo dogo na kwa kawaida halina regulata, lakini upande wa oksijeni unayo, na hapo ndipo ajali huanzia: nozeli ikiziba, oksijeni yenye shinikizo kubwa hugeuka na kuingia kwenye mpira wa asetilini hadi ndani ya pipa. Mchanganyiko huo ukipata mwali, pipa hupasuka. Kinga yake ni chombo cha maji ambacho gesi hupitia kabla ya kufika kwenye tochi, maji yake yakiwa yamejazwa hadi alama kila siku, pamoja na vali ya njia moja kwenye tochi.

Wengine hukata chuma kwa oksijeni na gesi ya kupikia. Inawezekana, na mwali wake hufika sentigredi 2,800 hivi, lakini inahitaji nozeli zake, mpira wake (mpira wa asetilini huharibiwa na gesi hiyo) na regulata yake inayorekebishika. Regulata ya jikoni hutoa baa 0.03 tu na haina skrubu ya kurekebishia. Kuing'oa ili kuunganisha mpira moja kwa moja na mtungi wa jikoni, kama inavyofanyika mara kwa mara, ni kurudi kwenye hali iliyokuwapo kabla regulata haijabuniwa.